Kitufe cha Siku

Kaka yangu alishaapa kwamba nikigusa tena kibodi yake ya gemu atanihamishia kwenye banda la kuku la jirani. Alipoambiwa safari hii anayeitaka ni mama, akabaki kashika mlango wa chumba chake, hajui afunge au afungue.

"Mama anataka kucheza gemu?" Aliniuliza mimi, wakati mama kasimama palepale.

"Anataka kufanyia kazi."

"Sema kwa sauti, Myuti. Watu hatusikii."

Myuti ndiyo jina langu kwake, ile alama ya spika iliyopigwa mstari. Shuleni nako lilifika, sijui nani alilibeba. Mimi si bubu. Ni kwamba maneno yangu yakifika kooni yanaanza kupishana mlangoni, na mpaka yakubaliane nani atangulie, watu wameshahama mada.

Mama alikuwa ameteleza kwenye ngazi za kazini kwao, akaangukia mkono wa kushoto. Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa mzima wa kutazama tu. Kifundo hakigeuki. Vidole vinabonyeza lakini havitembei, ukiviweka mahali vinakaa hapohapo kama wageni ambao hawajakaribishwa ndani. Na kazi ya mama ni vidole. Ni mwandishi wa kumbukumbu kwenye baraza la migogoro ya kazi. Mtu akifukuzwa kazi na asikubali, anakwenda pale, yeye na bosi wake wanasikilizwa, na mama anaandika kila neno linalotoka mdomoni mwa kila mtu, palepale linapotoka. Maneno yanatokea kwenye skrini kubwa ukutani ili wote wayaone. Mwisho yanachapwa, na pande zote mbili zinasaini kila ukurasa.

Wiki ya kwanza baada ya plasta, mama alishindwa kuwafuata. Mkono mmoja unakimbia, mwingine umekaa. Upande mmoja ukasoma karatasi, ukasema haya siyo tuliyosema, ukakataa kusaini. Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mtu mzima wa miwani, akamwita pembeni. Akamwambia kumbukumbu nyingine ikikataliwa saini, kile kiti atapewa mtu mwingine.

"Hakusema kama mtu anayenitishia," mama alituambia. "Alisema kama mtu anayeniaga. Bora angefoka."

Hapo ndipo mimi nikaikumbuka kibodi ya kaka. Ni ya mkono mmoja, wa kushoto. Imechongwa kama kiganja. Unalaza mkono juu yake, kila kidole kinakuta vitufe vyake karibu, gumba lina chake pembeni, na mkono hauhami. Kaka anaitumia kwenye mapigano. Kitufe kimoja amekiwekea makro, yaani amri nyingi zimefungwa furushi moja: ruka, geuka, piga, jifiche. Anabonyeza mara moja tu, yule mtu wake anafanya yote. Nikawaza, kama kitufe kinaweza kuruka na kugeuka na kupiga, kitashindwa nini kuandika "nili"?

Maana wasikilize watu wakijitetea. Nilifika. Nilimwambia. Alinijibu. Hawakuja. Sijalipwa. Kichwa cha neno ni kilekile, mkia ndio unabadilika. Nikasema vichwa vyote nivihamishie mkono wa kushoto, na mikia mama aiandike kwa mkono wa kulia, ambao ni mzima na unakwenda kama unadaiwa.

Kila kitufe nikakipa sura mbili. Upande wa kukubali, kitufe cha kidole cha shahada kinaandika "nili". Ukigonga gumba kwanza, kibodi inahamia upande wa kukataa, na kitufe kilekile kinaandika "siku", ile ya sikufika, sikumwambia. "Ali" inageuka "haku". "Nime" inageuka "sija". Mwanzo niliweka kwamba mama ashikilie gumba muda wote anaokataa, akasema maumivu yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Basi nikaongeza amri mwishoni mwa kila makro ya kukataa: ukishaandika, rudi mwenyewe kwenye kukubali. Anagonga mara moja, anakataa mara moja, imekwisha.

"Kwa hiyo umemtengenezea mama kitufe cha kukataa," kaka akasema. "Kama vile alikuwa anapata shida hapo."

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu aanguke.

Kulikuwa na vurugu nyingine ndogondogo. Kompyuta ikipokea herufi haraka sana ilikuwa inameza moja, "nili" inatoka "nli", ikabidi niweke pumzi kidogo katikati ya herufi na herufi. Lakini kibodi yenyewe nzuri, inabeba amri zake tumboni, ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine inafika nazo. Kaka akawa anajifanya bosi mkali, anafoka kwa kasi sebuleni, mama anamwandika. Mpaka likizo inafika katikati, kaka alikuwa hawezi tena kumwacha nyuma.

Asubuhi ya shauri la kwanza ambalo mama angeliandika kwa kibodi hiyo, chai iko mezani na mimi nina kiatu kimoja mguuni, mama akasema, "Mwanangu, mashahidi wote wanaanza na siku. Siku ile, siku hiyo, siku ya tukio. Niwekee na hiyo, pamoja na nafasi yake mbele."

Kulikuwa na kitufe kimoja tupu kabisa, pembeni, upande wa kukataa. Nikakiwekea "siku" na nafasi. Nikajaribu. Ikatokea, Siku. Nikachomoa waya tukatoka.

"Unanisindikiza," mama alishasema. "Ikinigomea mbele za watu, mimi nitaijulia wapi?"

Chumba cha baraza ni kirefu, paa la mabati, viti vya mbao vimepangwa mistari. Mbele kuna meza ya mwenyekiti. Kiti cha shahidi kiko kulia, na meza ya mama iko ubavuni mwa kiti cha shahidi kabisa, karibu kugusana magoti. Mama aliifunika kibodi kwa kitambaa mpaka mwenyekiti alipoingia, halafu akakitoa taratibu, akalaza mkono. Kutoka mbali ungedhani ameegemea tu.

Bawabu wa mlangoni alikusanya simu zote kwenye boksi. "Huku nyuma hakuna kuongea, hakuna kusimama, hakuna kukohoa kwa makusudi," akatuambia sisi wasikilizaji. Akaniangalia. "Wewe nakuona huna matatizo."

Aliyefukuzwa alikuwa mlinzi wa ghala. Kampuni inasema aliacha lango, mali ikatoka. Yeye anasema hakuliacha. Hakuwa na wakili, alikuwa na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Kampuni ilikuwa na wakili mrefu, mwenye sauti ya kwenye harusi. Huyo ndiye aliyeanza. Alisema sana, na mama akamfuata neno kwa neno. Nilikuwa naangalia zile "ali" na "wali" zinavyotokea kwa mpigo mmoja kwenye skrini, paa, paa, na nikajisikia kama mtu anayemtazama mwanawe akitembea. Sikuwa nasoma maana. Nilikuwa natazama mwendo tu.

Mama naye hasomi. Akiandika haangalii skrini wala mkono, anaangalia mdomo wa anayeongea. Anasema hata maana haisikilizi. "Ukianza kusikiliza maana utaanza kuwasaidia," aliwahi kuniambia, "na ukiwasaidia umewaharibia."

Shahidi wa mlinzi alikuwa mmoja tu, mama mfagizi wa pale ghalani. Alipokaa kitini, mvua ikaanza. Si mvua ya kuanza polepole. Ilimwagwa juu ya yale mabati kama gunia la kokoto, na huyo mama ana sauti ndogo, ndogo kuliko hata yangu. Mwenyekiti akasogeza kichwa, akashindwa, akageukia skrini. Wakili akageukia skrini. Mlinzi naye. Chumba kizima tukawa tunamsikiliza yule mama kwa macho, kupitia mikono ya mama yangu, ambaye peke yake alikuwa karibu naye.

Skrini ikaandika: SHAHIDI: Mimi nafagia nje kabla hawajafungua ofisi.

Halafu: SHAHIDI: Siku ile sikumwona langoni. Nikamsalimia, akaniuliza mguu unaendeleaje.

Mlinzi aliinua kichwa taratibu sana.

Wakili alishasimama. Alipaza sauti juu ya mvua na mvua ikashindwa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba tusimame hapo. Mama, hukumwona, halafu ukamsalimia?"

Mfagizi akasema kitu. SHAHIDI: Ndiyo, nikamsalimia.

"Ulimsalimia nani, lango?"

Watu wakacheka. "Na lango likakuuliza habari za mguu," wakili akaongeza, na wakacheka tena. Mfagizi akaangalia huku na huku kutafuta kinachochekesha.

"Mama," mwenyekiti akasema kwa nguvu, "ulimwona mlinzi au hukumwona?"

SHAHIDI: Nilimwona. Nimesema nilimwona.

"Hapana, hujasema." Wakili alinyoosha mkono kwenye skrini. "Soma mwenyewe pale juu."

SHAHIDI: Macho yangu hayafiki pale, mwanangu.

"Mwandishi," mwenyekiti akasema, "tusomee."

Mama akageuka, akatazama skrini. Niliona mgongo wake ukikaza. Alisoma kwa sauti yake ya kazini, isiyo na mtu ndani. "Siku ile sikumwona langoni."

Hakusema zaidi, na hakuruhusiwa kusema zaidi. Baraza halimuulizi mwandishi alisikia nini, linamuuliza aliandika nini. Nami najua mama alikuwa hajui. Alikuwa ameangalia mdomo, mikono ikafanya kazi, maana ikapita pembeni kama kawaida yake. Aliiamini mikono. Na mkono mmoja kati ya hiyo ulikuwa wangu.

Nikasoma tena ule mstari. Siku ile sikumwona. Siku, siku.

Nikaanza kuvipitia vitufe kichwani. Vitufe vyote vya kukataa niliviambia virudi kwenye kukubali vikimaliza. Kile cha asubuhi, cha siku, sikukiambia. Mama akikibonyeza kinaandika siku yake vizuri kabisa halafu kinakaa hukohuko kwenye kukataa, kinamsubiri. Neno linalofuata, akigonga "nili", linatoka "siku". Halafu hiyo "siku" ya pili, kwa sababu yenyewe niliifundisha adabu, inarudi. Na baada ya hapo kila kitu kiko sawa, kama mwizi aliyefunga mlango alipotoka. Asubuhi nilikijaribu peke yake. Sikujaribu kinachokuja nyuma yake.

"Mheshimiwa," wakili alikuwa anasema, "kwanza hakumwona, sasa amemwona. Sina ugomvi na mama huyu, huenda amefundishwa vibaya. Naomba maneno yote mawili yabaki kwenye kumbukumbu, na naomba ushahidi wake usihesabiwe."

Mfagizi alikuwa ameshika pindo la kitenge. Mvua ikapungua kidogo, nikamsikia kwa masikio yangu mwenyewe akimwambia mlinzi, si baraza, "Labda ulimi umeteleza, baba. Nisamehe."

Mlinzi akatikisa kichwa kwamba hapana, usijali. Ile mikunjo ya shati lake ilikuwa bado imesimama.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta. Mama alishaniambia, akifuta miwani ujue anaamua.

Sasa nisikilize nilivyokuwa nimekaa. Nikinyamaza, karatasi zitachapwa, wakili atasaini kwa furaha, mlinzi atasaini kwa sababu skrini imesema na yeye ni nani abishane na skrini. Pande mbili zimesaini, kiti cha mama kimepona. Nikisema, kila mtu atajua kumbukumbu imeandikwa na kidude cha gemu kilichoharibiwa na mtoto wa shule, na wakili akikataa saini hakuna atakayemlaumu. Kitu kilichotakiwa ili kiti kipone ni mimi kukaa kimya. Na hakuna kazi nyingine duniani ninayoijua vizuri kama hiyo.

Mama alikuwa amekaa mkono juu ya kibodi, anasubiri mdomo wa mwenyekiti ufunguke.

Nilisimama. Sikuamua, ni magoti.

"Wewe," bawabu akaninong'oneza. "Kaa."

"Naomba kusema," nikasema, ila ilitoka kama pumzi.

"Kuna nini huko nyuma?" mwenyekiti akauliza.

"Naomba kusema."

"Sikusikii. Sogea mbele."

Bawabu alikuwa ameshanishika bega, akaniachia. Njia kati ya vile viti ni nyembamba, watu wakawa wanavuta miguu kunipisha, na kila aliyevuta alinitazama. Skrini sikuitazama. Wala mama. Nilitazama viatu vyangu vinavyokwenda, na viliposimama nikajua nimefika.

"Hajakosea," nikasema.

"Nani hajakosea?"

"Huyu mama. Shahidi. Alisema nilimwona. Ni kitufe."

"Mheshimiwa," wakili akasema, "huyu mtoto ni nani, na kitufe gani?"

"Cha siku." Maneno yakaanza kupishana mlangoni kama kawaida yao, nikayasukuma hivyohivyo yalivyo. "Ni kitufe changu. Mimi ndiye niliyekiweka. Akiandika siku, neno linalofuata linageuka. Nilimwona linakuwa sikumwona. Nilisahau kukiambia kirudi."

"Kirudi wapi?"

"Kwenye kukubali."

Mtu akacheka nyuma. Mwenyekiti hakucheka. Akavaa miwani, akamgeukia mama.

"Mwandishi, unamfahamu huyu?"

"Ni mwanangu, Mheshimiwa."

Na nilisikia vidole. Alikuwa anaandika. Alijiandika na yeye mwenyewe akijibu, mkono wa kulia unakimbia, wa kushoto unagonga.

"Na hicho kilicho chini ya mkono wako?"

"Kibodi ya michezo, Mheshimiwa. Ya kijana wangu. Mkono huu haufiki tena kwenye ile ya kawaida. Nilipaswa kukuambia. Niliogopa utaniambia niondoke nayo."

"Mheshimiwa Mwenyekiti," wakili akasema, na sasa sauti ilikuwa tamu kweli, "yaani ajira ya mtu inaamuliwa hapa na mashine ya watoto ya kupigia mazombi."

"Subiri kidogo, mwanasheria." Mwenyekiti akasogeza kiti. "Mwandishi, andika ninavyosema. Usibadilishe unavyoandika siku zote. Siku ya leo nimechoka."

Vidole vikapita.

MWENYEKITI: Siku ya leo sijachoka.

Kikao kizima kikaangua kicheko, hata bawabu. Mwenyekiti aliisoma, akaisoma tena. "Mimi nimechoka kweli," akasema, kama anajitetea kwa skrini. "Tena. Siku ya kwanza alifika mapema."

MWENYEKITI: Siku ya kwanza hakufika mapema.

"Sasa bila siku. Alifika mapema."

MWENYEKITI: Alifika mapema.

Kicheko kilikufa chenyewe. Watu walianza kuangalia ule mstari wa mfagizi, ambao ulikuwa bado uko juu ya skrini, na mlinzi aliweka viganja vyote viwili mezani akavitazama.

"Mama," mwenyekiti akamwambia mfagizi, "rudia jibu lako. Mvua imepungua, tutakusikia wote."

"Siku ile nilimwona langoni," mfagizi akasema. "Nikamsalimia. Sijui kwa nini inakuwa kazi."

Safari hii mama aliiandika "siku" herufi moja moja, kwa mkono wa kulia. Ikatoka kama ilivyosemwa.

Mwenyekiti alisema ule mstari wa mwanzo ufutwe na sababu yake iandikwe. Aliniuliza kitufe hicho kimewekwa lini, nikasema leo, wakati wa chai. Aliniuliza kama kuna kingine kama hicho. Nilifikiri kwanza, kitufe baada ya kitufe, gumba mpaka kidole cha mwisho, na hakuna aliyenikatiza. Nikasema hakuna.

"Nenda ukakae."

Shauri likaendelea mpaka mwisho, lakini mimi sikulisikia. Nilikuwa nangojea saini. Mama alipochapa, zile karatasi zilitoka moja moja, polepole, kama mashine nayo inasitasita. Mlinzi alisaini zake haraka. Wakili alizichukua zote kwa pamoja, akazigonga mezani zikae sawa, akazirudisha chini.

"Mimi siwezi kusaini hizi."

Mama akarudisha mkono juu ya kibodi.

"Kuna neno humo ambalo halikusemwa?" mwenyekiti akauliza.

"Mheshimiwa, suala ni chombo kilichotumika."

"Chombo hakisainiwi. Yanasainiwa maneno. Kama kuna neno ambalo halikusemwa, litafute, na usiposaini nitakuwa upande wako, na mwandishi anajua maana yake. Litafute."

Basi akakaa, akatoa kalamu, akaanza kutafuta. Alikuwa anazitafuta zile siku. Akiipata moja anaweka ncha ya kalamu juu yake, anasoma kinachofuata kwa midomo, anapita. Mwenyekiti alikuwa anafunga majalada yake. Mlinzi na mfagizi walikaa pamoja. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani karibu na mama, na sikujua kama nimesogea pale mwenyewe au nimevutwa. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mdomo wa wakili.

Kwenye ukurasa wa mwanzoni, ile kalamu ikasimama na haikuondoka.

"Umepata?" mwenyekiti akauliza.

Wakili alisoma tena, safari hii midomo ikaacha kucheza kabisa.

"Mwanasheria, umepata?"

"Nimepata," akasema. "La kwangu."

"Lisome."

Akakohoa. "WAKILI: Siku ya tukio hakupokea funguo za lango kutoka kwa msimamizi." Akashusha karatasi. "Nilisema alipokea. Ndio msingi wa hoja yetu yote, alipokea."

"Sote tulikusikia, mvua ilikuwa haijaanza," mwenyekiti akasema. "Ila skrini haikukusikia. Na wewe ungesaini."

Nilimwona akipiga hesabu ile niliyopiga mimi kule nyuma, ila yake ilikuwa inatoka kinyume. Kama ningekaa kimya, angeondoka pale na saini yake mwenyewe chini ya maneno yake mwenyewe yanayosema mlinzi hakupewa funguo, na akikata rufaa angekutana nayo yamemkalia mlangoni. Kitufe changu kilikuwa hakichagui upande. Kilikuwa kinakula kote.

"Irekebishwe," akasema, sauti yake sasa ya mtu wa kawaida.

Mama akairekebisha, akachapa upya ule ukurasa, mlinzi akausaini tena. Wakili akaendelea na kalamu yake mpaka mwisho na hakupata nyingine, mbali na zile za jaribio la mwenyekiti. Akaanza kusaini. Alikuwa anasaini kila ukurasa kwa chini, anageuza, anasaini, na mimi nahesabu kwa pumzi, mpaka akafika ule wa katikati na kalamu ikasimama tena.

"Hapa kuna mtu simjui," akasema.

Mama akainama kutazama. Mimi nikachungulia pembeni ya bega lake. Kwenye zile kumbukumbu watu wanaandikwa kwa kazi zao, shahidi, wakili, mwandishi, na kila aliyesema chumbani mle ana mahali pake. Yale maneno yangu yote yalikuwepo, hata ile pumzi ya kwanza. Naomba kusema. Hajakosea. Nilisahau kukiambia kirudi. Mbele ya kila mstari mama alikuwa ameandika jina moja, kwa herufi kubwa kama ya wengine wote.

"Huyu Fundi," wakili akauliza, "ndiye nani?"

"Ni huyu," mama akasema, na mkono wa kushoto, ule usiotembea, ukanigusa kwenye kiwiko.

Wakili alinitazama toka juu mpaka kwenye viatu. Halafu akasaini.